Muungano mkubwa, kituo cha kudumu au timu ya jirani: utafiti wa pamoja uanzie wapi?

Watu wanaonijia na swali hili hawafanani. Mmoja ni daktari kijana anayetaka kufuatilia wagonjwa wake wa baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Mwingine ni mwanafunzi wa kemia aliyebuni kipimo cha bei nafuu na hajui atakijaribia wapi. Juzi alikuja muuguzi wa wodi ya akili ambaye kwa miaka kumi ameona jambo lile lile kila msimu wa joto, na hajapata wa kumwambia. Wote wana wazo, na wote wamekwama palepale: wajiunge na muungano wa nchi nyingi uliotangaza nafasi, waende kwenye kituo kikubwa cha utafiti, au waanze na mwenzao wa idara ya pili aliye mwendo wa daladala moja tu?

Nimefanya kazi katika njia zote tatu, nikiwa upande wa maabara. Ninachokiona ni kwamba wengi huchagua kwa kufuata fedha iliyotangulia kufika, na majuto huja mwaka wa tatu.

Nitashika mfano wa lithiamu, kwa sababu ni metali inayowakutanisha watu wa fani tatu wapende wasipende. Daktari wa akili anaijua kama dawa: mwaka 1949 John Cade wa Australia alichapisha taarifa kwamba chumvi za lithiamu huwatuliza wagonjwa wa mania, yaani msisimko wa akili uliopita kiasi. Daktari wa magonjwa ya ndani anaijua kama dawa ya kuchungwa, maana huweza kuumiza figo na tezi ya shingo. Kiwango kinachofaa katika damu ni kama milimoli 0.6 hadi 1.0 kwa lita, na kikizidi 1.5 hatari imeanza. Mkemia wa vifaa, yaani yule anayeunda vitu vya kuchujia, kupimia au kuhifadhi umeme, anaijua kwenye betri. Nobel ya kemia ya mwaka 2019 ilikwenda kwa John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino kwa kazi hiyo. Na Manono, katika jimbo la Tanganyika nchini Kongo, watu wanaoongea Kiswahili kila siku wanaishi juu ya mwamba wenye lithiamu nyingi.

Kuna siku metali hiyo ilitufundisha kitu. Tulikuwa timu ndogo tukijaribu kifaa cha kusoma lithiamu kwenye matone machache ya damu. Kila sampuli tuliipima pia kwa mashine ya mwali, ile inayochoma sampuli na kusoma rangi, na lithiamu hutoa mwali mwekundu wa kupendeza sana. Asubuhi hiyo sampuli tatu zilitoka juu mno, karibu na 3. Kifaa chetu kilisema hivyo na mashine ya mwali ikasema hivyo. Sisi wakemia tulipeana mikono, kifaa kinafanya kazi! Daktari wa akili aliitazama namba, akatoka mbio kuelekea wodini. Alimkuta mgonjwa wa kwanza amekaa kitandani anakula ugali kwa mkono usiotetemeka.

Aliyelitatua ni sista wa kutoa damu. Aliinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha akasema, "Dokta, hii ni ya kifuniko cha kijani. Dawa ya kuzuia damu kuganda iliyomo humu ina lithiamu. Kwa kipimo hiki huwa natumia nyekundu, lakini wiki hii stoo waliniambia zimeisha." Alilijua jambo hilo miaka yote. Hatukuwa tumemwalika kwenye kikao hata kimoja.

Kwa hiyo vigezo vyangu ni hivi. Kwanza, swali linatoka kwa nani. Pili, kosa litaonekana wapi, na anayeliona ana sauti ya kusimamisha kazi? Tatu, ridhaa ya mshiriki na vibali. Nne, sampuli na data zinakaa wapi. Tano, muda, fedha na jina kwenye makala. Njia zote tatu nitazipima kwa vigezo hivyo.

Njia zenyewe

Muungano mkubwa ni hospitali na vyuo vya nchi kadhaa vinavyofuata itifaki moja, yaani mpango mmoja wa utafiti ulioandikwa. Majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S yaliyoanza 2009 yalikuwa hivyo: watoto 15,459, vituo 11, nchi 7 za Afrika, na Bagamoyo, Korogwe, Kilifi, Siaya na Kombewa zikiwemo. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike. Upande wa magonjwa ya akili kuna NeuroGAP-Psychosis, iliyounganisha Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini na watafiti wa Marekani kuchunguza vinasaba vya skizofrenia (ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo) na baipola. Lengo lake lilikuwa watu zaidi ya 34,000, wagonjwa na wasio wagonjwa.

Kituo cha kudumu ni mahali penye maabara, wafanyakazi na uhusiano wa miongo na jamii moja. Ushirikiano wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na mfuko wa Wellcome wa Uingereza pale Kilifi ulianza 1989. Ifakara ilianza mwaka 1956 kama maabara ndogo ya Waswisi, na leo ni taasisi ya Watanzania yenye matawi.

Timu ya jirani ni watu watatu, wanne au sita, wa idara mbili tatu za mji mmoja, wenye swali moja.

Swali linatoka kwa nani

Kwenye muungano mkubwa swali limeshaandikwa kabla hujafika. Hilo si ubaya, kwa sababu kuna maswali ambayo hospitali moja haiwezi kuyajibu hata ikikaa miaka hamsini. Kwa nini lithiamu humsaidia mgonjwa huyu na haimgusi yule? Muungano wa vinasaba vya lithiamu uitwao ConLiGen ulichapisha matokeo yake mwaka 2016 kwa kukusanya wagonjwa 2,563 kutoka vituo 22. Hakuna kliniki yetu yenye wagonjwa hao. Ila ukiingia na swali lako mwenyewe mfukoni, tegemea kulisubirisha. Isipokuwa pale muungano unapoongozwa kutoka huku: ule wa selimundu, SPARCo, ulianzishwa 2017 na makao yake yakawa Muhimbili, ukiunganisha Tanzania, Nigeria na Ghana. Huko anayeuliza swali ndiye anayewaona watoto kliniki.

Kituo cha kudumu huuliza kile ambacho wodi yake inakiona kila siku. Kilifi, kwa mfano, ina kazi ya miaka mingi kuhusu kifafa na ukuaji wa ubongo wa watoto, na chanzo chake ni watoto waliokuwa wanaletwa hospitalini na degedege. Lakini kituo huvutwa na kile kilichojengewa. Ukifika na wazo la kemia ya vifaa mahali palipojengwa kwa malaria na chanjo, utasikilizwa vizuri, utapewa chai, na huenda usipate meza.

Timu ya jirani ndiyo inayosikia maswali ya mtaani. Ukipita vijiji vya kuzunguka Mlima Meru utaona meno ya kahawia, na kwa baadhi ya watu miguu iliyopinda, kwa sababu ya floraidi kwenye maji. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na kwa miaka mingi Tanzania ilikubali hadi 4 kwa sababu vyanzo vingi havikuweza kufika chini ya hapo. Daktari wa meno analiona tatizo na hana kichujio. Mkemia ana kichujio na hajui mama wa kijijini ana ndoo ngapi. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha alichanganya mchanga na chembe ndogo mno za kunasa uchafu, akarekebisha chujio kulingana na maji ya kila mahali, na mwaka 2015 akapata Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi kutoka Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Wazo la namna hiyo lisingetoka kwenye itifaki ya nchi saba.

Kwa magonjwa ya akili mfano wangu ni Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare, na mabenchi nje ya kliniki, ambapo bibi hao walikaa na wenye shida na kuwasikiliza. Hawakuanza na neno la kitabuni. Walianza na neno la Kishona, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, ambalo msemaji wa Kiswahili analielewa mara moja, maana nasi tunasema fulani ana mawazo. Mwaka 2016 majaribio ya watu 573 katika kliniki 24 yalionyesha kwamba benchi hilo hupunguza dalili. Kutoka mabenchi machache hadi majaribio hayo ilichukua miaka kumi.

Kosa litaonekana wapi

Muungano mkubwa una wakaguzi, taratibu zilizoandikwa na fomu za kila kitu. Kosa la kichupa cha kijani huko lisingepita, kwa sababu aina ya kichupa ingeandikwa kwenye ukurasa wake na mtu angeikagua. Udhaifu wake uko kwenye lugha. Chukua swali la uchunguzi, "Je, huwa unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii?" Lipeleke Lamu, kwa mama anayejua kwamba jini wake hupanda na kusema. Atajibu ndiyo, kwa utulivu kabisa, wala si mgonjwa. Tafsiri ikikosewa ofisini, imekosewa kwenye vituo vyote, na anayeligundua ni msaidizi wa utafiti aliye chini kabisa, ambaye barua pepe yake lazima ipande ngazi nne.

Kituo cha kudumu ndicho chenye nguvu zaidi hapa. Wafanyakazi wa nyanjani ni wenyeji, wanaongea Kigiriama au Kipogoro, na wamekuwepo kuliko mradi wowote mmoja. Wanajua neno lipi linaudhi na nyumba ipi ina msiba.

Timu ya jirani haina mkaguzi. Wewe ndiye unayepima na wewe ndiye unayejisahihisha. Inachokuwa nacho ni ukaribu, kwamba sista yuko mlango wa pili. Ukaribu huo hauna faida kama yeye hayumo kwenye kikao, na hili nimelilipia. Tangu siku ile, kila timu yangu hukaa na mtoa damu na mtunza stoo kabla sampuli ya kwanza haijachukuliwa.

Ridhaa na vibali

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu ndipo mtu anapoumizwa bila hata kujua.

Wahavasupai ni watu wachache wanaoishi ndani ya Grand Canyon, Marekani. Miaka ya 1990 walitoa damu kwa watafiti wa Arizona State University wakiamini inachunguzwa kwa ajili ya kisukari, kilichokuwa kinawamaliza. Baadaye waligundua kwamba damu hiyo ilitumika pia kwenye uchunguzi wa skizofrenia na wa asili ya kabila lao. Walishitaki, na mwaka 2010 chuo kikakubali kuwalipa dola 700,000 na kuwarudishia sampuli zao. Damu ilikuwa ileile, na iliingia kwenye uchunguzi wa akili bila wenyewe kuulizwa. Kila utafiti unaochanganya tiba na magonjwa ya akili una mlango huo, na lazima useme mapema kama utaufungua.

Kuna jambo la pili. Mgonjwa wa saikosisi, yaani akili iliyopoteza mguso na uhalisia, huenda leo hawezi kuelewa anachotia saini, na wiki mbili baadaye, dawa ikishika, anaelewa vizuri tu. Kumkatalia moja kwa moja ni kumdhulumu, na kumharakisha pia ni kumdhulumu. NeuroGAP-Psychosis ilitumia maswali mafupi ya kupima kama mtu ameelewa kabla hajasaini. Huo ni urithi mzuri wa muungano mkubwa: zana zilizojaribiwa unazikuta tayari. Gharama yake ni fomu ndefu, na ridhaa pana inayoruhusu matumizi ya kesho ambayo leo hakuna anayeyajua.

Kituo cha kudumu kina kitu ambacho fomu haiwezi kukitoa. Kilifi kuna wawakilishi wa jamii waliochaguliwa na wananchi wenyewe, wanaokaa na watafiti na kuwaambia, swali hili msiulize hivi. Kwa upande mwingine, ukizoea kituo kinachotibu watoto wako, kukataa kushiriki kunakuwa kugumu.

Hilo la mwisho ni kali zaidi kwenye timu ya jirani. Anayeomba ridhaa ndiye anayeandika dawa. Mgonjwa atamkataliaje daktari wake? Dawa yake ni rahisi na haina gharama: aombe mtu mwingine, asiyemtibu, na daktari asijue nani alikataa.

Kwa wakemia wenzangu: "sisi tunapima maji tu" huisha siku tone la kwanza la damu linapoingia kwenye kifaa. Tanzania utapita kamati ya maadili ya taasisi yako na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na mtafiti wa kigeni lazima apite COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Vyombo vya vibali kama hivyo Kenya ni NACOSTI, Uganda ni UNCST. Muungano wa nchi nne maana yake ni kupita njia hiyo mara nne.

Sampuli na data

Kwenye muungano sampuli husafiri, hasa za vinasaba. Kabla ya kusaini mkataba wa kuhamisha sampuli uliza mambo matatu: zitakaa kwenye friza ya nani, nani ataidhinisha matumizi ya pili, na watu wa kwenu watafundishwa kuzichambua au watafunga maboksi tu. Kituo cha kudumu huwa na friza zake, jenereta yake na watu wa data. Timu ya jirani huwa na friji ya idara na kompyuta mpakato ya mtu mmoja. Umeme ukikatika Ijumaa jioni, Jumatatu huna sampuli. Panga hilo kabla, hata kwa kuomba rafu moja kwenye friza ya hospitali.

Muda, fedha na jina

Ruzuku za muungano kwa kawaida huenda miaka minne au mitano, mshahara ni wa uhakika, na jina lako litakuwa katikati ya majina sitini. Kituo hutoa mafunzo, wasimamizi na nafasi ya kusomea uzamivu, kwa masharti ya kufuata mpango wa kituo. Timu ya jirani hutoa fedha kidogo sana na jina la kwanza kwenye makala.

Mvutano ambao wengi hawautarajii ni kati ya mkemia na daktari. Daktari anataka kuchapisha haraka ili wagonjwa wanufaike. Mkemia anajua kwamba katika nchi nyingi kifaa kikishaelezwa hadharani kabla ya kuombewa hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu juu ya ubunifu wake, hataza imepotea, na bila hataza huenda kusipatikane kiwanda cha kukitengeneza. Wote wana haki. Andikeni kwenye karatasi moja, siku ya kwanza, nani anasubiri nini na kwa miezi mingapi.

Ukiwa katika hali hii

Ukiwa na swali linalohitaji maelfu ya watu, kama vinasaba, chanjo, au madhara ya nadra ya dawa, nenda kwenye muungano. Usiingie kabla hujauliza nani anaongoza uchambuzi na kama kuna nafasi ya swali la kwenu ndani ya itifaki kubwa.

Ukiwa kijana unayetaka kujifunza utafiti kwa nidhamu, na fani yako ni tiba, au ni magonjwa ya akili yanayogusa watoto na ubongo, kituo cha kudumu kitakulea vizuri zaidi. Mkemia wa vifaa afike huko akiwa na kifaa kilichokwisha kufanya kazi mezani. Kituo kizuri cha kukijaribia kwa wagonjwa halisi ni tofauti na kituo cha kukibunia.

Ukiwa na kifaa ambacho hakijakomaa, au swali ulilolisikia mtaani ambalo bado hulijui vizuri, kaa na timu ya jirani mwaka mmoja au miwili. Kosea ukiwa karibu na anayeweza kukuonyesha kichupa. Ukishapata namba za awali, njia mbili nyingine zitafunguka.

Ukiwa mganga wa wilaya mwenye wagonjwa mia mbili na huna maabara, usidharau kuwa mshirika wa kutoa data kwa muungano. Ila dai mafunzo ya mtu wako mmoja yaandikwe kwenye mkataba.

Yule muuguzi wa wodi ya akili, alichokiona ni kwamba miezi ya joto wagonjwa wa lithiamu hurudi wakiwa wanatetemeka na kuharisha. Wanatoka jasho, hawanywi maji ya kutosha, wengine wamenunua daiklofenaki duka la dawa kwa ajili ya mgongo, na yote hayo hupandisha lithiamu kwenye damu. Nilimshauri aanze na daktari wa akili wa zamu yake, fundi maabara mmoja, na daftari la kuandika siku, joto, dawa nyingine na kiwango cha damu kilichochukuliwa saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Barua ya kamati ya maadili tuliiandika pamoja Jumamosi. Vichupa vyekundu ameviagiza mwenyewe, boksi mbili, na amevifungia kabatini.